Adrian Atiman wa Karema: Imani Katika Kazi ya Kila Siku

Katika vipindi vyetu vya asubuhi liko swali moja linalorudi mara kwa mara, kila mtu akiliuliza kwa maneno yake. Mmoja alizeti yake imekauka kwa sababu mvua ilikata mapema. Mwingine kuku wake wote wamekwisha kwa kideri. Mama mwingine ana mgonjwa ndani, mwaka wa tatu sasa. Wote husali, na Jumapili wapo kanisani. Wanachouliza ni hiki: nimeomba na nimeamini, mbona Jumatatu maisha ni yale yale?

Swali hilo ni zito, na mtu asilijibu haraka haraka. Leo tumechagua kulitazama kupitia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, ambaye naye alikuwa na kila sababu ya kuliuliza. Jina lake ni Adrian Atiman. Wazee wa Katavi na Rukwa wanalijua jina hilo, na Dar es Salaam lipo jengo linaloitwa Atiman House. Lakini vijana wengi wa huku kwetu hawajawahi kumsikia, ingawa barabara ya misafara iliyompeleka kwenye kazi yake ilipita kwenye ardhi ya mkoa wetu.

Atiman hakuwa padre wala askofu. Alikuwa katekista na mganga wa hospitali, mwenye mke na nyumba, aliyefanya kazi ya aina moja mahali pamoja kwa miaka 67.

Mtoto wa Mto Niger

Atiman alizaliwa mbali sana na hapa. Ni karibu na mji wa Timbuktu, kandokando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo tunaiita Mali. Mwaka unaotajwa ni 1866 au karibu na hapo, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Habari za utoto wake tunazo kwa sababu aliwahi kuzisimulia mwenyewe akiwa mzee.

Akiwa bado mtoto mdogo, wa umri wa kuchunga mbuzi hapa kwetu, alitekwa na Watuareg, watu wa jangwani waliokuwa wakivamia vijiji vya kando ya mto. Aliuzwa. Kisha akavushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini, safari ya majuma mengi ya mchanga, kiu na baridi ya usiku. Watu wazima wengi walikufa katika njia hiyo. Yeye, mtoto, alifika upande wa pili akiwa hai, katika nchi ya Algeria.

Huko ndiko alikokutana na Wamisionari wa Afrika, shirika ambalo watu wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao nyeupe. Shirika hilo lilianzishwa Algeria mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Mapadre hao walikuwa wakitoa fedha kuwakomboa watoto waliouzwa, na Atiman akawa mmoja wa waliokombolewa.

Tuseme ukweli hapa. Mtoto aliyekombolewa kwa fedha bado ni mtoto aliyenunuliwa. Hakuulizwa anataka kwenda wapi. Hakurudishwa kwa mama yake, maana Timbuktu ilikuwa ng'ambo ya jangwa na wale waliomteka walikuwa bado njiani. Alilishwa, akavishwa, akasomeshwa, akafundishwa dini na kubatizwa jina la Adrian. Yote hayo yalikuwa mema, lakini mpango ulikuwa wa watu wengine. Tunapomsoma Atiman tusilifiche jambo hili, kwa sababu ndilo linalofanya maisha yake ya baadaye yawe na uzito. Mtu ambaye utoto wake wote aliamuliwa na wengine, siku moja alianza kuamua mwenyewe, na tutaona aliamua nini.

Kusomea udaktari Malta

Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo ambalo wakati ule lilikuwa geni. Aliona kwamba Mwafrika atahubiriwa vizuri zaidi na Mwafrika mwenzake. Aliona pia kwamba mhubiri asiyejua kutibu atapata shida katika nchi ambazo homa na ndui vinaua watu kila mwaka. Kwa hiyo mwaka 1881 alianzisha chuo katika kisiwa cha Malta, kilicho katikati ya bahari kati ya Afrika na Ulaya, ili vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wasomee udaktari na ukatekista kwa pamoja.

Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Alikaa Malta hadi mwaka 1888. Hebu fikiria: huyu ni kijana aliyeuzwa kama mzigo wa chumvi, sasa yuko chuoni anasoma mifupa na mishipa ya mwili, anajifunza kusafisha kidonda, kushona, kupima dawa, kumhudumia mama anayejifungua. Miaka saba ya masomo si michache. Mkulima yeyote wa Singida aliyewahi kuuza vitunguu au ng'ombe kulipa ada ya mtoto anaelewa miaka saba maana yake nini.

Mwaka 1888 alipomaliza, alitumwa Afrika Mashariki. Alikuwa na umri wa miaka kama 22.

Njia iliyopita kwetu

Alifika Zanzibar, akavuka kuja bara, na kuanza safari kwa miguu. Mwaka huo pwani yetu ilikuwa inaingia katika vita, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia miji ya pwani na Abushiri aliongoza watu kuwapinga. Misafara ya bara iliendelea kwa taabu.

Njia kubwa ya misafara ya kwenda Tabora na Ziwa Tanganyika ilipita Mpwapwa, ikakata nchi ya Ugogo, kisha ikaingia katika nyika ambayo wasafiri waliiita Mgunda Mkali. Nyika hiyo, kwa sehemu kubwa, ndiyo Manyoni na Itigi ya leo. Wazee wa Kilimatinde na Itigi wanaijua ile miti ya vichaka vilivyosongamana, ambamo hata leo mtu akipotea hupata shida kutoka. Wapagazi waliiogopa kwa sababu ya ukosefu wa maji. Waliotembea bila kujaza vibuyu vyao walikufa njiani.

Ilikuwa pia njia ya watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara biashara haikufa siku hiyo. Mtu aliyeelekea magharibi katika miaka ya 1880 aliweza kabisa kupishana na watu waliofungwa, wakishushwa pwani. Atiman alikuwa amekwisha kutembea njia ya namna hiyo akiwa mtoto, kule Sahara. Sasa alikuwa anatembea nyingine akiwa mtu huru, mwenye sanduku la dawa, akielekea kule ambako watu hao walikuwa wanatoka.

Kutoka Tabora msafara ukashika njia ya kusini magharibi, na mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hakuhama tena.

Karema aliyoikuta

Karema leo ni kijiji cha Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Siku hizi inasikika katika habari kwa sababu ya bandari mpya. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome pale, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Kwa hiyo Atiman alikuta misheni iliyokaa ndani ya kuta za ngome, na sababu ya kuta hizo ilikuwa dhahiri: nchi ya kandokando ya ziwa ilikuwa ikivamiwa na wafanyabiashara wa watumwa na pembe. Watu walikimbilia misheni kutafuta usalama. Wengine walikuwa watoto waliokombolewa.

Hapo ndipo mambo mawili ya maisha yake yalipokutana. Kijana aliyenunuliwa akiwa mtoto alijikuta katika kijiji cha watu kama yeye: watu wasio na ukoo karibu, waliotoka makabila mbalimbali, walioponea chupuchupu. Hawakuhitaji kuelezwa utumwa ni nini. Walihitaji mtu wa kuwaosha vidonda vya minyororo, kuwapa dawa ya homa na kuwaonyesha kwamba maisha yanaweza kuanza upya.

Siku moja ya kazi

Watu wengi wakisikia habari za mtu mtakatifu hutegemea miujiza, yaani kiwete atembee na kipofu aone. Katika maisha ya Atiman yaliyojaa ni mambo ya zahanati.

Kazi ya katekista daktari ilikuwa hivi. Asubuhi alisali pamoja na wengine. Kisha wagonjwa walikuja, wengine kwa miguu, wengine wamebebwa, wengine kwa mtumbwi. Vidonda ndugu vilioshwa, vikafungwa, na kesho yake vikafunguliwa na kuoshwa tena. Homa ilitibiwa. Jipu lilipasuliwa. Mama aliyeshindwa kujifungua alihudumiwa. Na kwa kuwa hospitali nyingine haikuwepo karibu, mambo ambayo leo tungeyapeleka kwa daktari bingwa yalimwangukia yeye. Alifanya pia upasuaji, kwa vyombo alivyokuwa navyo.

Pia alijifunza dawa za miti za wenyeji wa ziwani. Hili linafaa kuzingatiwa, maana msomi wa Malta angeweza kuwadharau. Aliona kuwa dawa za kutoka Ulaya zilichelewa miezi, na wakati mwingine hazikufika kabisa, lakini miti ilikuwepo. Alichukua kilichosaidia.

Baada ya wagonjwa, kulikuwa na mafundisho ya dini. Watu wengine hudhani wamisionari walibatiza kila aliyepita. Kwa Mapadre Weupe haikuwa hivyo. Lavigerie aliweka kanuni kwamba mtu mzima anayetaka ubatizo afundishwe miaka minne. Miaka minne ya masomo yale yale, sala zile zile, mtu akiangaliwa anavyoishi nyumbani kwake. Katekista ndiye aliyeibeba kazi hiyo. Alikaa na watu, akarudia, akasahihisha, akarudia tena. Akiitwa kwa mtu anayekata roho, alikwenda na dawa mkono mmoja na sala mkono mwingine. Dawa ikishindwa, sala ilibaki.

Sasa fanya hesabu, ndugu msikilizaji. Kutoka mwaka 1889 hadi 1956 ni miaka 67. Hizo ni siku zaidi ya 24,000. Siku nyingi kati ya hizo hazina habari yoyote ya kusimulia. Ni kidonda, homa, mafundisho, chakula, usingizi. Tukitaka kujua imani ya Atiman ilikaa wapi, lazima tuitafute ndani ya siku hizo 24,000, kwa sababu mahali pengine hapapo.

Ndoa na mwana

Muda mfupi baada ya kufika, Atiman alioa binti wa Kibende aliyeitwa Agnes Wansahira, wa ukoo wa kichifu. Wabende ni wenyeji wa nchi ile. Kwa ndoa hiyo mgeni wa kutoka Mto Niger alipata wakwe na shemeji, akawa na mahali pa kuitwa kwetu. Kwa desturi zetu tunajua maana yake: mtu asiye na ndugu hana wa kumsimamia siku ya msiba. Atiman alipata wa kumsimamia.

Walijaliwa mwana, Joseph. Kijana huyo alipokua aliomba kusomea upadre. Masomo ya seminari wakati ule yalikuwa marefu sana, na wengi waliyaacha njiani. Joseph Atiman hakuacha. Mwaka 1923 alipewa daraja ya upadre, akawa miongoni mwa mapadre wa kwanza Waafrika katika ukanda ule wa ziwa.

Iweke tarehe hiyo pembeni ya nyingine. Utumwa ulifutwa rasmi kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka mmoja baadaye, mtoto wa mtu aliyewahi kuuzwa sokoni alisimama altareni akiongoza Misa, na baba yake akiwa hai. Kwa mzazi Mkristo hiyo ni furaha ambayo hata nishani haiifikii. Lakini tuangalie pia muda uliopita. Kutoka Atiman alipofika Karema hadi siku hiyo ni miaka 34. Kama angehesabu baraka za Mungu kwa yale aliyoyapata mwaka wa kwanza au wa tano, pengine angekata tamaa mapema.

Mambo ambayo hayakubadilika

Hapa tunarudi kwenye swali la mwanzo: nimeomba, mbona maisha ni yale yale? Katika maisha ya Atiman kuna mambo kadhaa ambayo hayakuwahi kutengenezwa.

La kwanza, utoto wake haukurudishwa. Alizeeka na kuzikwa upande huu wa Afrika, maelfu ya kilomita kutoka kijiji alikotekwa. Nyumba aliyoijenga Karema ilikuwa nyumba ya kweli, lakini haikuifuta ile ya kwanza.

La pili, magonjwa hayakuisha. Alifika Karema miaka michache kabla ya sotoka, tauni ya ng'ombe iliyopita Tanganyika yote mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji mikono mitupu. Wazee wetu wa Kinyaturu na Kinyiramba walirithishwa masimulizi ya njaa za miaka ile. Ndui iliendelea kuua. Funza waliingia kutoka upande wa Kongo, na watu wasiojua namna ya kuwatoa waliharibika miguu hata wakashindwa kulima. Kisha malale ikaenea mwambao wa ziwa, na vijiji vikahamishwa. Mganga wa Karema aliwapoteza wagonjwa wengi. Kila mtu aliyefanya kazi ya hospitali anaijua jioni ya namna hiyo: umefanya yote, na mgonjwa amekufa, na kesho asubuhi foleni iko pale pale mlangoni.

La tatu, watawala walibadilika, na kila mtawala alikuja na amri zake. Atiman aliwaona Wajerumani wakiingia. Akaiona Vita ya Kwanza ya Dunia ikifika hadi ziwani, ambako Wajerumani walikuwa na meli ya Graf von Götzen, ile ile iliyozamishwa mwaka 1916 na baadaye kuibuliwa, tunayoijua leo kwa jina la MV Liemba. Akawaona Waingereza wakija. Kodi, vita na njaa vilipita juu ya watu wa Karema kama vilivyopita juu ya watu wa Singida. Sanduku la dawa liliendelea kufunguliwa kila asubuhi.

Basi tumaini lake lilitegemea nini? Lingekuwa linategemea mambo kunyooka, lingekufa mapema. Wakristo hufundishwa kwamba Yesu mwenyewe aliishi Nazareti miaka mingi kabla ya kuanza kuhubiri, akiwa fundi seremala, na miaka hiyo Injili haisimulii karibu chochote. Kanisa halijawahi kusema miaka ile ilipotea bure. Maisha ya Atiman yanafanana na miaka ya Nazareti. Aliamini kuwa Mungu yupo katika kile kidonda kilicho mbele yake, katika yule katekumeni anayesahau sala kwa mara ya kumi. Tumaini lake lilikuwa la kufanya jambo linalofaa kwa mtu mmoja leo, na kumwachia Mungu jumla ya hesabu.

Hapo pia ndipo tunapouona uamuzi wake, ule tuliosema tutauona. Watu walimpeleka Algeria, wakampeleka Malta, wakampeleka Karema. Lakini hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kumfungua mgonjwa kidonda kwa upole kwa miaka 67. Mtu huweza kulazimishwa kwenda mahali, na kukaa kwa moyo ni hiari yake. Aliyekuwa mali ya watu akiwa mtoto, alijitoa mwenyewe akiwa mtu mzima, na tofauti ya mambo hayo mawili aliijua kuliko wengi wetu.

Uzeeni

Atiman alizeeka akiwa bado mganga. Umaarufu wake ulivuka ziwa. Kanisa na serikali vilimtambua kwa nishani. Wageni walikwenda kumwona, wakiandika habari za mzee huyu wa ajabu. Hata hivyo hakuhamia mjini wala hakutafuta makuu. Alibaki na watu wa Karema, ambao wengi wao aliwapokea wenyewe walipozaliwa, na wengine aliwahi kuwatibu babu zao.

Alifariki mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka 5 tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Alizikwa Karema.

Kwetu Singida

Tunaweza kumwacha Atiman katika historia, tukasema alikuwa mtu wa pekee wa zamani. Lakini mkoa wetu una watu wa namna yake, na una mahali pa kuwatazama. Nenda Hospitali ya Makiungu, ya Kanisa Katoliki, au Iambi, ya Walutheri, au Kilimatinde, ya Waanglikana, au Mtakatifu Gaspar kule Itigi. Hospitali hizo zilianzishwa na watu wa imani, na zinaendelea kwa sababu asubuhi kuna muuguzi anayevaa sare na kuanza tena na mgonjwa wa jana. Nenda vijijini ambako padre au mchungaji hufika mara moja kwa mwezi au chini ya hapo. Nani anaongoza ibada Jumapili nyingine zote? Ni katekista au mwinjilisti, mara nyingi mkulima kama wewe, anayekuja kwa baiskeli na posho ndogo au bila posho, akifundisha watoto chini ya mti. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Atiman.

Na si kwa wenye cheo cha kanisa peke yao. Mama anayemgeuza mgonjwa kitandani mara tatu kwa usiku ili asipate vidonda vya mgongo, mwaka wa tatu sasa, anafanya jambo ambalo Atiman angelitambua mara moja. Mkulima anayepanda tena uwele baada ya mbegu ya kwanza kuungua anafanya tendo la matumaini, hata kama hakulitaja hivyo. Majirani zetu Waislamu nao wana neno subira, na wanajua kwamba subira ina mikono na miguu, haikai tu ikingoja.

Haya hayamaanishi kwamba mtu avumilie kila kitu na kunyamaza. Atiman hakuwaambia wagonjwa wavumilie. Aliwatibu. Ukiwa na mgonjwa ndani, mpeleke hospitali, uliza haki yake ya matibabu, omba majirani wakusaidie zamu. Mvua ikikata, onana na afisa ugani ujue mbegu ya muda mfupi. Kuku wakifa kwa kideri, msimu ujao wachanjwe mapema. Imani ya Karema ilikuwa na sanduku la dawa ndani yake, na imani ya Singida nayo iwe na jembe, chanjo na kadi ya kliniki.

Kwa yule anayetuuliza mbona Jumatatu maisha ni yale yale, jibu tunaloweza kutoa kutoka kwenye maisha haya ni dogo lakini ni la kweli. Siku kama hiyo, isiyo na muujiza wala habari, ndiyo aliyoishi Atiman mara zaidi ya 24,000. Watoto walipona ndani yake, watu walifundishwa kusali ndani yake, na mwana wake alikua ndani yake hadi altareni. Aliyekuwa akiiishi hakuona matokeo yote siku hiyo hiyo.

Tunaomba sasa jambo moja kutoka kwako. Katika kijiji chako yuko mzee au bibi aliyefanya kazi ya namna hii kwa miaka mingi: katekista, mwinjilisti, mkunga, mhudumu wa zahanati. Keti naye kabla hajaondoka. Muulize alianza mwaka gani, alitembea wapi, alipoteza nini, na nini kilimfanya aamke kesho yake. Andika, au rekodi kwa simu yako. Kisha umwombe ruhusa, na ututumie ujumbe, ili habari hiyo isikike hewani akiwa bado anaweza kuisikiliza mwenyewe.